Pedali za Upande wa Abiria

Wanangu, nyinyi mnaoingia kazi hii ya ndege ndogo, nawaomba jambo moja kabla ya yote. Mtu akikuletea ndege aliyoiunda mwenyewe nyumbani kwake, usikimbilie injini. Injini kila mtu huitazama. Wewe inama, chungulia chini ya dashibodi, pale miguu inapokaa. Mwenye kuunda huanza kazi na moyo mkunjufu, na pale chini hufika mwisho, mgongo wauma, hamu ya kuruka imemshika. Akiharakisha mahali, huharakisha hapo.

Mimi naitwa Rukia, mzaliwa wa Mtongwe. Jina langu limenipatia mizaha mingi kazini, maana ndege zimeruka nami nikabaki chini na spana mkononi. Sasa nimestaafu. Magoti yaliniambia basi, nikayasikiliza. Lakini umri wangu wa kazi wote ulipita katika banda la ndege ndogo, kule nyuma ya uwanja wa ndege, Changamwe, na sehemu kubwa ya umri huo nimeipitisha kichwa chini miguu juu.

Sikuingia kwa mlango wa ufundi. Niliingia na cherehani. Kuna ndege ambazo mbawa zake huvikwa kitambaa, na Fundi Kalama, Mgiriama mrefu mwenye sauti ya chini, alitaka mtu wa kushona. Siku moja pedali ya ndege fulani ikakwama. Fundi Kalama akajaribu kupenya chini ya dashibodi, mabega yakakataa. Akanitazama toka utosini hadi nyayoni.

"Wewe binti wa Mtongwe, shimo hili waliingia?"

"Abee, naliingia."

Nikalala chali juu ya kiti, miguu ikaegemea paa, kichwa kikaning'inia kwenye pedali. Sijakaa sawa, tone la mafuta ya breki likaniingia jichoni. Nilipiga yowe hata walinzi wa geti wakaja. Fundi Kalama akaniosha jicho kwa maji, akangoja nitulie, kisha akasema, "Ukiwa chini ya pedali, funga mdomo na ufumbe jicho moja. Moja la kazi, moja la akiba." Nilirudi shimoni nikatoa kilichokuwa kimekwamisha pedali: kifuniko cha chupa ya soda. Tangu siku ile cherehani ikapata vumbi.

Kwa yule ambaye bado hajazijua, nieleze. Rubani ana pedali mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukiisukuma pedali yote kwa wayo, waya hukaza mpaka mkiani, na kile kibao cha nyuma, usukani, hugeuka, pua ya ndege ikafuata. Lakini ukibana ncha ya juu ya pedali kwa vidole, hiyo ni breki ya gurudumu la upande ule. Mguu mmoja, kazi mbili. Na ndege ikiwa ya watu wawili, abiria naye ana pedali zake mbele yake, zimeungwa na za rubani. Balaa huanza hapo, kwa kuwa miguu ya rubani imefunzwa, na ya abiria imekuja kutembea.

Fundi Kalama alikuwa na msemo: usiliulize gurudumu, uliza mguu. Kuna bwana mmoja wa Likoni alituletea ndege ambayo breki zake zilikuwa zikibana hazirudi. Amefungua magurudumu mara nyingi hata nati zimekuwa duara. Fundi Kalama akachovya kidole katika kikombe cha mafuta ya breki, akakinusa, akanipa nami ninuse. Yalikuwa mafuta ya gari. Zile silinda, vile vibomba vinavyosukuma mafuta ya breki pedali ikibanwa, mpira wake ulitaka mafuta mekundu ya ndege. Ukitiwa ya gari huvimba kama maharagwe yaliyolala majini. Tukabadilisha kila mpira, tukaosha kila bomba. Kwa hiyo, wanangu, kabla hamjamimina chochote, someni silinda inataka nini. Haya.

Sasa niwaambie habari ya Bwana Badi na mkewe, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Bwana Badi alikuwa mtu wa tagi, vile vyombo vifupi vyenye nguvu vinavyosukuma meli kubwa bandarini. Alipostaafu alianza kuunda ndege uani kwake, Mishomoroni. Mkewe, Bi Maimuna, alikuwa msuka mikeka. Alikaa barazani, ncha ya ukili ameibana kwa kidole gumba cha mguu, mikono ikienda mbio wala haitazami, huku uani mumewe akigonga ribiti. Siku ya kwanza tulipojuana aliniambia, "Mdogo wangu, mimi niliolewa na tagi. Nikajipa moyo, akistaafu atarudi nyumbani. Karudi kweli, na mke wa pili wa bati." Akacheka, lakini jicho halikucheka.

Ndege ilipoletwa Changamwe ilipakiwa kwenye lori, mbawa zimefungwa ubavuni, na watu wa Kongowea wakadhani ni jukwaa la harusi. Ilikuwa ndege nzuri. Sisemi kwa adabu. Bati limelala sawa, waya zimepita sawa, gurudumu dogo mkiani, makubwa mawili mbele. Mwalimu Kimani, mtu wa bara aliyekuwa akifundisha urubani pale kwetu, aliikagua akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Bwana Badi akairusha peke yake siku nyingi, kama inavyotakiwa ndege mpya, na haikumsumbua.

Taabu ilianza siku aliyompakia Bi Maimuna. Hata kuruka hawakuruka. Bibi alikuwa ameapa haendi juu. Alikubali tu azungushwe chini, kwa hisani. Walipokwenda hadi mwisho wa njia na kurudi, gurudumu la kulia lilikuwa lafuka moshi. Tukalifungua. Tukasafisha breki, tukatoa hewa kwenye mafuta. Bwana Badi akazunguka peke yake, salama. Akampakia mkewe, gurudumu likawa moto tena.

"Ni uzito," akasema Bwana Badi.

"Uzito gani?" Bi Maimuna akamjibu. "Mimi na wewe nani ana tumbo?"

Nikakumbuka msemo wa Fundi Kalama. Nikamwomba Bi Maimuna apande akae kama alivyokaa. Nikainama nikatazama miguu yake. Ni mwanamke mfupi, na kile kiti kiliundwa na mtu mrefu. Visigino havikugusa sakafu. Mguu usio na pa kukanyaga hutafuta pa kuegemea, na yake ilikuwa imeegemea kwenye ncha za juu za pedali, taratibu, bila yeye kujua.

Na lingine nililigundua siku hiyo. Nilipomwambia atoe miguu, zile ncha hazikurudi nyuma upesi. Zilirudi kwa uvivu. Springi zake zilikuwa dhaifu.

Sikilizeni hapa vizuri. Katika ndege ile, mafuta ya breki yalitoka kikombeni, yakapita katika silinda ya abiria, kisha ya rubani, ndipo yakafika gurudumuni. Silinda ya abiria ni mlango. Ncha ya pedali yake ikiinama hata kidogo, mlango umefungwa, na mafuta yaliyoko upande wa gurudumu hayana njia ya kurudi. Breki ikipata moto, mafuta yatanuka, yabana zaidi, moto wazidi. Hata gurudumu likafunga kabisa. Ukiwa unatembea, utasimama. Ukiwa unashuka kutoka juu, kwa mwendo ule, gurudumu moja likigusa chini limefungwa na la pili lazunguka, ndege itajipinda na kupinduka.

Nikawaita wote wawili, Mwalimu Kimani akiwa kando anasikiliza, nikawaeleza dawa: kibao cha kuegeshea visigino vya Bi Maimuna, na springi mpya zenye nguvu. Nikatengeneza kibao siku ile ile. Springi za zamani nikazitoa ili nipate kipimo. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye fimbo ya kuongozea, maana katika banda letu kitambaa chekundu kilikuwa sheria: hakifunguliwi ila na mkono uliokifunga. Bi Maimuna alikuwa ameshatoka nje, yuazungumza na mama muuza uji. Nikamwambia Bwana Badi kwa kinywa changu:

"Springi nimezitoa. Zile ncha sasa zimesimama kwa bahati tu, zikitikiswa zitalala zenyewe. Ndege hii haitembei wala hairuki, hata ukiwa peke yako."

"Nimekuelewa, Fundi."

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa fundi wa springi, si mbali na banda. Nilimwona akikunja waya, akauchoma, akauzamisha katika mafuta. Nikazijaribu kwa vidole: zilikuwa kali, zilirudi kama zina hasira. Nikazitia mkobani nikarudi kwa miguu, asubuhi tulivu, upepo hata jani haulitikisi.

Nikaingia bandani. Pale ndege ilipokuwa, palikuwa sakafu.

Mwalimu Kimani alikuwa kando ya mlango, redio ya mkononi kifuani, yuatazama juu.

"Fundi, umekosa sherehe," akaniambia. "Mama amekubali! Wamepaa sasa hivi, yeye na Badi."

"Wamepaa na nini?"

"Na ndege yao. Badi amesema ulimaliza jana."

Nikafungua mkoba nikamwonyesha springi. Sikuhitaji kusema zaidi, alikuwapo nilipoeleza.

"Walipokimbia kupaa, ilivuta kulia?" nikamuuliza.

"Kidogo. Nilifikiri ni yeye, furaha imemzidi. Akairudisha kwa usukani, ikainuka."

Nikatoka kwenda kuitazama lami pale walipoanzia mwendo. Palikuwa na mstari mweusi wa tairi, wa upande mmoja tu, wa kulia. Mstari huo ulikuwa ukikolea kadiri ulivyokwenda. Basi nikajua. Ncha ya pedali ya abiria ilikuwa imelala tangu chini, breki imekwenda juu na moto wake, na huko juu mafuta yalikuwa yakitanuka katika bomba ambalo mlango wake umefungwa.

Rubani asiyejua hili atashuka akiwa na raha zake. Angetaka kumshusha mkewe taratibu, amwonyeshe jinsi ndege inavyogusa chini kama unyoya.

Mwalimu Kimani akazungumza na mnara wa kuongozea ndege. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyezoea. Mnara ukamwagiza Bwana Badi azunguke upande wa hori, ule mkono wa bahari, juu ya Mtongwe, kwa kuwa ndege kubwa ya abiria ilikuwa inakuja kushuka. Wakaturuhusu tuzungumze naye. Nami nikaiona ile ndege, doa jeupe juu ya kwetu nilikozaliwa, yageuka polepole.

"Badi," akasema Mwalimu Kimani, "jaribu pedali yako ya kulia, ile ncha ya juu. Ikoje?"

Halafu sauti ya Bwana Badi, nyembamba: "Ngumu. Ngumu kama jiwe."

Mwalimu Kimani akanipa redio. "Wewe ndiye unayezijua hizo pedali. Zungumza nao."

Nikaibonyeza. "Dada Maimuna, wanisikia?"

"Nakusikia, Rukia. Mbona sauti yako yatetemeka?"

"Ni redio hii. Tazama miguuni mwako, dada. Ile pedali ya kulia, ncha yake imesimama au imelala mbele?"

"Imelala. Kama mtu aliyesujudu."

"Na ya kushoto?"

"Imesimama. La… yaenda yaenda. Yatikisika."

"Miguu yako iko wapi?"

"Kwenye kibao chako, wallahi. Sikuzigusa."

Nilimsadiki. Hata bila ya kuguswa zingelala; chuma kina uzito wake. Nikamwambia zile ncha lazima zivutwe nyuma, zirudi kusimama, na zishikwe hivyo hivyo mpaka ndege isimame chini.

"Nitainama niishike kwa mkono," akasema.

Kabla sijamkataza, lile doa jeupe likainamisha pua. Tukaliona sote. Nikasikia Bwana Badi akipiga kelele, si neno, ni kelele tu. Mbele ya abiria kuna fimbo ya kuongozea kama ya rubani, na Bi Maimuna alipoinama kifua kiliisukuma. Ndege ikashuka, ikashuka, halafu pua ikapanda tena. Mwalimu Kimani aliweka mkono kichwani akausahau hapo. Ile ndege kubwa ikapita mbele yetu na kishindo chake, ikagusa chini, na kwa muda sikuweza kusikia lolote. Nilibana redio kwenye sikio hata ikaniumiza.

Kishindo kilipopungua, Bi Maimuna ndiye aliyekuwa akisema. Alikuwa akisema polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto mgonjwa.

"Rukia. Kuinama haiwezekani. Nina mtandio, mrefu. Nikiupitisha nyuma ya vile vyuma vya juu, nikavuta?"

Nikafumba macho nikaziona zile pedali. Ncha yake ilikuwa bomba la chuma, lina nafasi nyuma.

"Yawezekana. Lakini utaupitishaje bila ya mkono?"

"Kwa miguu. Nimeshavua viatu."

Wanangu, mimi nimekwisha kuona watu wenye mikono ya ajabu katika kazi hii. Lakini mwanamke yule aliukamata mtandio kwa vidole vya mguu, akaupenyeza nyuma ya bomba la kulia, akaupokea kwa mguu wa pili, akaupitisha nyuma ya bomba la kushoto, akauleta juu. Sikuona, nilisikia tu. Nilisikia pumzi zake. Mara aliuangusha, akasema "Astaghfirullah," akaanza upya. Upepo wa bahari nao ulikuwa umeanza kuamka. Kile kitambaa cha kuonyesha upepo, mlingotini pale uwanjani, kikajinyoosha upande, na Mwalimu Kimani akakitazama, akanitazama.

"Ncha mbili ninazo mikononi," Bi Maimuna akasema.

"Vuta. Zote sawa. Taratibu."

Nikangoja.

"Fundi," sauti ya Bwana Badi ikaingia, "pedali yangu imelainika! Imelainika, Fundi!"

Mlango ulikuwa umefunguka, mafuta yamerudi kikombeni. Mwalimu Kimani akatoa pumzi kama aliyekuwa amezamia.

"Dada Maimuna, usiulegeze. Ukiulegeza italala tena. Na sikiliza neno hili. Atakaposhuka, upepo utamsukuma, naye atasukuma pedali kwa miguu ili ndege iende sawa. Hizo ulizoshika zitakwenda nazo, moja mbele, moja nyuma. Usishindane naye. Wewe zuia zile ncha tu zisiiname. Pedali ikienda, ifuate. Ikirudi, rudi nayo."

"Nimfuate miguu yake."

"Mfuate miguu yake."

"Haya. Hilo nimelizoea."

Wakaja. Magari ya zimamoto yalikuwa yameshajipanga kando ya njia, na zile taa zao mchana kweupe zilinitia baridi. Ndege ikakaribia, ubavu mmoja chini kidogo kuukabili upepo. Gurudumu la kushoto likagusa. Ikaruka kidogo. Likagusa tena. Kisha la kulia, na hapo nikajikuta nimeshika mkono wa Mwalimu Kimani, mtu ambaye hata salamu ya mkono hatujawahi kupeana.

Lilizunguka. Nililiona likizunguka.

Mkia ukashuka, upepo ukaupiga, ndege ikaanza kupinda kuelekea kwenye majani. Nikauona usukani wa mkiani ukigeuka wote upande wa pili, maana yake Bwana Badi alikuwa ameikanyaga pedali mpaka mwisho, na maana yake mikono ya mkewe ilikuwa imekubali kwenda nayo. Ndege ikanyooka. Ikapunguza mwendo. Ikasimama katikati ya lami.

Tulipofika, kofia ya kioo inayofunika viti ilikuwa wazi. Bwana Badi yuko kitini, mikono mapajani, yuatazama mbele kama ambaye bado yuko juu. Bi Maimuna alikuwa bado amevuta mtandio, mishipa imemsimama mikononi. Nikamwambia, "Dada, basi. Waweza kuachia." Akanitazama, asiachie. Ikabidi nimfungue vidole kimoja kimoja.

Alipokanyaga chini alijifunika mtandio wake ule ule, una mafuta na vumbi. Wa zimamoto wakampa maji, akakaa chini akanywa. Kisha akaniuliza, mbele ya watu wote:

"Rukia, kile kitambaa chekundu kilichokuwa kwenye fimbo, ni cha nini?"

Nikamtazama Bwana Badi. Yeye akatazama lami.

"Ni cha kusema ndege hii isiguswe," nikajibu. "Ni mimi niliyekifunga."

"Aliponipandisha, alikifungua akakitia mfukoni. Nikamuuliza, hicho nini? Akaniambia, ni cha kufutia vumbi."

Bwana Badi alisema kwa sauti ndogo, "Maimuna, ulikuwa umekubali. Miaka yote hii umekataa, na leo asubuhi ukaamka ukasema twende. Niliogopa nikikwambia tungoje, hutasema tena." Machozi yakamtoka, mzee mwenye mvi, mtu aliyesukuma meli kubwa kama maghorofa. "Nisamehe."

Bi Maimuna akanigeukia mimi. "Kuzitia hizo springi kwachukua muda gani?"

"Mpaka alasiri hivi."

"Nitangoja."

Akakaa juu ya sanduku langu la spana. Niliingia shimoni, miguu juu, jicho moja limefumba, nikafanya kazi nikijua natazamwa. Watu walimletea chakula, hakula. Mumewe alisimama mlangoni mwa banda, hakuitwa wala hakufukuzwa. Nilipotoka, Bi Maimuna alivua viatu akapanda mwenyewe. Akaweka visigino kwenye kibao. Akabana ncha ya kulia, akaiachia: ikarudi na mlio. Ya kushoto, ikarudi. Akafanya hivyo mara nyingi, uso umekunjamana kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akashuka akaenda mpaka mlangoni.

"Badi," akasema, "ndege siiogopi. Leo imeniogopesha ikanitoa woga. Ninayemwogopa ni wewe. Nirudishe nyumbani."

Wakaondoka kwa barabara.

Ndege ikakaa. Bwana Badi alikuja kila baada ya siku kadhaa, akaifuta, akajaza upepo matairi ambayo hayakupungua upepo, akaenda zake. Hakuirusha, hata peke yake. Mimi sikumwuliza, na Mwalimu Kimani hakumwuliza. Nilidhani ataiuza.

Halafu asubuhi moja wakaja pamoja. Bi Maimuna alikuwa amevaa suruali chini ya buibui na raba za mtoto wa shule, maana saizi yake haipatikani kwa wakubwa. Nikampa shikamoo, akaipokea, akasimama kando ya ubawa, mkono mmoja juu ya bati. Hakupanda.

"Badi," akasema, "nambie."

Yule mzee hakuuliza amwambie nini. Akaanzia puani. Akamwambia propela ina mkwaruzo mdogo, hapa, uguse, hauna madhara lakini upo. Injini huchelewa kuwaka ikiwa baridi. Kofia ya kioo kushoto huvuja mvua ikinyesha. Breki nzima, Fundi alizikagua na hii hapa alama yake. Upepo leo ni wa wastani, na baadaye utazidi. Kiti chake mwenyewe chalia kikisogezwa. Alifika mkiani akarudi upande wa pili, hakuacha hata nati iliyopakwa rangi tofauti kwa sababu aliyokuwa nayo iliisha. Akamaliza, kisha akakumbuka.

"Na nimekula viazi vya karai njiani nilipokwenda kununua mafuta. Viwili."

"Daktari alikukataza," Bi Maimuna akasema.

"Ndiyo."

"Haya."

Akaondoa mkono wake kwenye bati, akampa aushike, akapanda.